Swichi Haina Njaa

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa mafundi umeme, wala hawakuulizwa swali lile lile hapa Kigoma, kuanzia Gungu hadi Ujiji, kazini, msibani, hata ndani ya boti: "Fundi, si kweli kwamba kuwasha na kuzima taa ndiko kunakomaliza uniti? Si afadhali iachwe iwake tu?"

Hapana, si kweli. Na kwa kuwa jibu hilo fupi halijamtosha mtu yeyote mpaka leo, nimeamua kulijibu kwa urefu, mara moja, nipumzike.

Mara ya mwisho nilikutana nalo Kibirizi. Mama mmoja anayenunua dagaa mwaloni na kuwasafirisha aliniita nimtafutie mwizi. Uniti zake zilikuwa zinakwisha kabla ya mwezi kwisha, naye alikuwa na hakika kwamba kuna jirani amejiunganishia waya gizani. Nyumba yake ina korido ndefu na vyumba sita, vinne vina wapangaji, wote kwenye mita moja ya LUKU. Nilifika saa nne asubuhi. Nje jua lilikuwa linawaka juu ya vichanja vya dagaa. Ndani ya korido, juu ya kichwa changu, globu ya zamani ya wati 60, ile yenye kijiwaya ndani, ilikuwa inawaka pia. Baada ya shikamoo na marahaba nikanyoosha mkono kuelekea swichi.

"Usiguse, mwanangu!" akapaza sauti. "Hiyo haizimwi. Wapangaji walikuwa wanaiwasha na kuizima kutwa nzima, uniti zikawa zinakwenda kama maji. Kijana wa dukani akaniambia kuwasha mara moja ni sawasawa na kuiacha iwake saa nzima. Tangu hapo hatuizimi."

"Na tangu hapo uniti zinakaa?"

"Zinakwisha upesi zaidi. Ndiyo maana nimekuita."

Mwizi nilikuwa nimeshamwona. Alikuwa ananing'inia darini mchana kweupe.

Tuichukue kauli ya kijana wa dukani kama alivyoisema, tuone inatufikisha wapi. Tuseme una balbu ya LED ya wati 9, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye nyumba nyingi siku hizi. Ikiwaka saa moja inatumia wati-saa 9, ambazo ni juli 32,400. Kuwasha taa ni tendo la kufumba na kufumbua jicho. Tulipe ukarimu wa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kama kweli umeme wa saa nzima ungepita katika kipande hicho cha muda, waya wako ungekuwa unabeba wati 324,000. Kwa umeme wetu wa volti 230, hizo ni zaidi ya ampea 1,400. Breka ya taa za nyumbani kwa kawaida ni ya ampea 6 au 10. Isingengoja hata uondoe kidole kwenye swichi. Na kama ingekwama isikate, waya za darini zingeyeyuka, na wewe usingekuwa unajadiliana nami kuhusu uniti, ungekuwa unatafuta ndoo ya maji.

Taa yako imewahi kuangusha breka kwa kuwashwa tu? Basi kijana wa dukani alikudanganya, au naye alidanganywa.

Kuna wanaojitetea: "Lakini fundi, si kuna kitu kinavutwa mwanzoni?" Kipo. Ndani ya balbu ya LED kuna kapasita ndogo ambayo ni lazima ijae kwanza. Ni ya maikrofaradi chache. Tuipe 10, nayo ni nyingi. Kuijaza kunahitaji nusu juli na ushei. Kwa balbu ya wati 9, hicho ni kiasi kinachotumika katika chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde ya kuwaka. Iwashe na kuizima mara elfu moja, mpaka kidole kiote sugu, na gharama yote ya kule kuwasha itakuwa sawa na taa kuwaka kwa dakika moja. Mara elfu moja, dakika moja. Mtu anayeiacha taa ya choo usiku kucha ili asiiwashe mara sita ameokoa umeme usiotosha hata kufungia mlango wa choo hicho.

Usiniamini mimi. Iamini mita yako, kwa sababu ndiyo inayokukata. Kwenye uso wa mita ya LUKU kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake kumeandikwa namba: 1000, 1600 au 3200 kwa uniti moja. Hiyo ni idadi ya mipepeso kwa kila uniti. Zima kila kitu ndani ya nyumba, chomoa friji, chomoa chaja, chomoa televisheni hata kama imezimwa. Bakiza balbu moja ya wati 9. Kwa mita ya 1000, kitaa kitapepesa mara moja kila baada ya dakika 6 na sekunde 40 hivi. Kwa mita ya 3200, kila baada ya dakika 2 na ushei. Hesabu mpepeso mmoja hadi mwingine, uandike muda. Halafu rudia, lakini safari hii katikati ya mipepeso iwashe na kuizima balbu mara ishirini, harakaharaka. Kama kila kuwasha kungekula umeme wa saa nzima, mita ya 1000 ingekuwa na deni la mipepeso 180, na kitaa chake kingepepesa kama taa za harusi. Utaona hakibadiliki, au kinachelewa kidogo kwa zile sekunde ulizoizima.

Tulifanya jaribio hilo pale pale koridoni, mimi na mama na wapangaji wawili, mwanafunzi mmoja akishika saa ya simu. Hakuna aliyesema kitu mpaka mpepeso wa pili ulipotokea. Kisha mama akasema tutafanya tena, kwa sababu labda mita ilikuwa imechoka. Tukafanya tena.

Sasa, imani hii haikuanguka kutoka mbinguni, na sitawaita watu wajinga kwa kuibeba. Ina wazazi watatu.

Mzazi wa kwanza ni jenereta. Kwa miaka mingi Kigoma iliishi mbali na gridi ya taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na ulipokatika umeme, majenereta madogo madukani. Jenereta dogo likishtuliwa na friji, pampu au mashine ya kusaga, hulemewa, na taa zote hufifia kwa sekunde kisha hurudi. Mtu aliyekua akiona hivyo ana haki ya kuamini kwamba kuwasha kitu ni kumeza umeme. Lakini kilichomeza ni mota. Mota ikianza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa muda mfupi. Balbu haina mota. Kuilaumu balbu kwa tabia ya mota ni kumwadhibu mtoto wa jirani kwa kosa la mwanao.

Mzazi wa pili ni tyubu ndefu yenye stata, ile inayopepesa mara mbili tatu kabla ya kukubali. Inaonekana kama inahangaika, na mtu anayehangaika anakula sana, au siyo? Kweli tyubu hupasha ncha zake kabla ya kuwaka, na gharama ya kupasha huko ni sawa na sekunde chache za kuwaka. Sekunde. Ukitoka chumbani kwa dakika moja, kuizima kunalipa.

Mzazi wa tatu ndiye mwenye ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaozaa uongo wenye afya. Tyubu na zile enaji seva za mrija uliojikunja hufa mapema zikiwashwa mara nyingi, kwa sababu kila kuwashwa hukwangua kidogo dawa iliyopakwa kwenye ncha zake. Mafundi wa zamani walisema, "Usiiwashe na kuizima ovyo, itaungua." Walisema juu ya uhai wa taa. Sisi tukasikia juu ya uniti. Maneno yakasafiri kutoka duka hadi duka, yakavuka kutoka kwenye mrija hadi kwenye globu, na kutoka kwenye globu hadi kwenye LED, ambayo haina dawa ya kukwanguliwa wala ncha za kupashwa. Ushauri uliotolewa kwa ajili ya taa moja sasa unaua pochi za watu wenye taa nyingine kabisa.

Na unaziua kweli. Turudi koridoni. Globu ya wati 60, saa 24, siku 30: uniti 43.2 kwa mwezi, kwa taa moja inayowaangazia buibui mchana. Mama alikuwa anamaliza uniti 90 hivi. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, na akizoea kuvuka anahamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni shilingi 292. Juu ya hayo kuna asilimia 22 ya kodi ya ongezeko la thamani na tozo za REA na EWURA.

Kwa mwezi mmoja uliovuka, uniti zake 90 ni shilingi 15,555. Tuweke koridoni LED ya wati 9, iwake saa 12 tu za usiku: uniti 3.24. Nyumba nzima inashuka hadi uniti 50, chini ya kizingiti, na bili inakuwa shilingi 6,100 na ushei. Akiwa T1 pengo linakuwa kubwa zaidi: uniti 40 alizotupa peke yake ni zaidi ya shilingi 14,000 kila mwezi. Jirani hakuwa ameunganisha kitu. Zaidi ya hapo, mama alikuwa ananunua globu mpya kila baada ya mwezi na nusu, akilaumu ubora. Globu ile hutengenezwa kuishi saa 1,000 hivi. Ukiiwasha usiku na mchana, siku 42 zinatosha kuimaliza. Haikuwa mbovu. Ilikuwa imefanya kazi yake yote na ya mchana ambayo haikuajiriwa kuifanya.

Kinachonishangaza ni kwamba Kibirizi wanajua hesabu hii kuliko mtaa wowote mjini. Shuka mwaloni jioni ya giza, wakati mwezi haupo, uwaangalie wavuvi wa dagaa wanavyojiandaa. Zamani walihesabu mafuta ya karabai, sasa wengi wanahesabu betri. Dagaa hufuata mwanga, na mwanga ukizimika katikati ya usiku kundi linatawanyika na kazi imekwisha. Kwa hiyo mvuvi hakuulizi kama kuwasha kunakula. Anakuuliza taa ni wati ngapi na itawaka saa ngapi. Wati 20 kwa saa 10 ni wati-saa 200. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 inabeba 600, na ukiiheshimu usiikamue zaidi ya nusu, una 300. Inafika alfajiri na chenji inabaki. Hesabu hiyo mtoto wa kiume wa mama yule anaifanya kichwani akiwa amesimama ndani ya maji. Kisha anarudi nyumbani, anapita chini ya globu ya korido, na anaiacha iwake.

Wati mara saa. Hakuna kingine kwenye bili ya taa. Basi kanuni ya kununua ni hii: pesa yako ya kwanza ipeleke kwenye taa inayowaka saa nyingi, siyo kwenye chumba cha wageni kinachowashwa Idi na Krismasi. Mengine nayasema harakaharaka, kwa sababu yote ni rahisi ukishaiacha ile imani.

Andika kwanza saa za kila taa kwa wiki moja. Na sisi wa Kigoma tusikopi ratiba ya Dar es Salaam: tuko magharibi mno, jua letu linachelewa kwa takriban dakika 40 kuchomoza na kuzama kuliko lao. Saa kumi na mbili asubuhi kwetu bado ni kiza, na watoto wanavaa sare kwa taa. Jikoni na chumba cha watoto vina zamu mbili, asubuhi na jioni. Hizo zihesabu.

Taa ya nje na ya korido, saa 11 au 12 kila usiku: LED ya wati 5 hadi 9, nzuri kuliko zote utakazonunua, hapo usibanie. Chukua mwanga wa njano, kelvini 2700 hadi 3000. Unavuta wadudu wachache kuliko mweupe. Kama wapangaji hawaelewani kuhusu nani azime, weka yenye senza ya giza, ijizime yenyewe kukipambazuka.

Choo, bafu, stoo: hapa panawashwa na kuzimwa mara nyingi, kwa hiyo LED, wati 5 zinatosha, na usiweke enaji seva ya mrija hata ukipewa bure. Balbu ya wati 9 ikiwaka chooni dakika 40 kwa siku inakula uniti 0.18 kwa mwezi. Ukiiacha tangu saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, karibu uniti 3.

Sebule na jikoni, saa nne hadi sita: wati 9 hadi 12. Wanaochambua dagaa, wanaoshona na wanaosoma wachukue mwanga mweupe, kelvini 4000 au zaidi. Chumba cha kulala, njano.

Acha kuuliza "wati ngapi" ukitaka kujua mwanga. Uliza lumeni, zimeandikwa kwenye boksi. Globu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi. LED ya wati 8 au 9 inazitoa hizo hizo. Ya wati 100 ilitoa karibu 1,500. Tafuta LED ya wati 13 hadi 15. Boksi linalojisifu kwa wati 30 bila kutaja lumeni, lirudishe kwenye rafu. Nimezipima za namna hiyo nikakuta hazifiki hata theluthi ya kilichoandikwa.

Soma volti. Kama uko mwisho wa laini, umeme wako unashuka na kupanda. Chukua iliyoandikwa 85 hadi 265, siyo iliyoandikwa 220 hadi 240 tu. Angalia alama ya TBS. Angalia holda yako kabla hujatoka nyumbani, ya pini au ya kuzungusha, kwa sababu kurudi dukani kwa bodaboda kunameza akiba ya mwezi. Usiifungie LED ndani ya kibuyu cha kioo kisichopumua. Joto ndilo linaloiua, siyo swichi.

Enaji seva za mrija zilizobaki, zitumie mahali pasipozimwa-zimwa mpaka zife, ila usizipasue: zina zebaki kidogo ndani. Ikipasuka, fungua madirisha, watoe watoto, okota kwa karatasi ngumu, usifagie. Na usinunue nyingine. Chini ya Mkataba wa Minamata, nchi zilikubaliana mwaka 2022 kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya hizo za nyumbani kufikia 2025, na nchi za Afrika ndizo zilizosukuma jambo hilo.

Umeme ukikatika mara kwa mara, weka balbu moja ya kujichaji sebuleni. Moja tu, kwa sababu nyingi ni bei bila faida.

Basi. Mama alibadilisha globu siku ile ile, na mwanafunzi mwenye simu akapewa kazi ya kuzima korido kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Nilikuwa nimeshafunga begi la vifaa na niko mlangoni aliponishika mkono.

"Sasa mwanangu, kama ni hivyo, na friji nalo niwe nalizima usiku?"

Hapana, mama. Friji lina mota, na lina akili yake ya kupumzika. Friji liache. Nyoosha mkono kwenye swichi za taa tu, mara nyingi upendavyo.